Mitungi ya ziada ubavuni: kabla hujashuka mita 55 nje ya Katonga

*Swali:* "Mimi ni mzamiaji wa hapa Kigoma. Nina cheti cha kuzamia hadi mita 30, na kazi yangu ni kuwasindikiza watafiti na wageni wanaotaka kuona samaki wa kwenye miamba. Nimepata mitungi miwili ya alumini ya lita 11 kutoka kwa mtu aliyeacha biashara ya samaki wa mapambo. Nataka kushuka mita 50 hadi 55 nje ya Katonga nipige video. Mgongoni nitabeba mtungi wangu wa chuma wa lita 12. Mmoja wa alumini nitajaza hewa, wa pili nitajaza oksijeni kwa fundi wa kuchomelea ili nisikae sana njiani wakati wa kupanda. Rafiki yangu anasema yote miwili niifunge kwa mkanda kwenye ule wa mgongoni iwe kitu kimoja. Mwingine anasema ining'inie ubavuni. Nauliza: ufungaji upi ni sahihi? Kamba au waya? Kushoto au kulia? Na je, ni kweli kwamba ziwani, kwa kuwa maji hayana chumvi, ugonjwa wa wazamiaji hausumbui kama baharini?"

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu kamba, lakini jambo zito zaidi umelipitia kwa maneno machache: oksijeni ya fundi, na mita 55 kwa hewa ya kawaida. Kufunga mitungi nitakueleza hatua kwa hatua, maana ufungaji mbaya unaua. Naomba tu univumilie nianze na Ziwa Tanganyika lenyewe, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinalitegemea.

Hili la kwamba maji yasiyo na chumvi hayana ugonjwa wa wazamiaji si kweli. Nitrojeni haiingii mwilini kwa ajili ya chumvi, inaingia kwa mgandamizo. Kadiri unavyoshuka, ndivyo hewa unayovuta inavyoshindiliwa, na nitrojeni yake inayeyuka kwenye damu, mafuta, misuli na uti wa mgongo. Ukipanda, inabidi itoke ilimoingia, polepole, kupitia mapafu. Ukienda mbio kuliko mwili unavyoweza kuitoa, inageuka mapovu humo humo. Kinachoamua ukubwa wa hatari ni uwiano kati ya mgandamizo wa kule chini na mgandamizo wa pale unapoibukia.

Sasa angalia ziwa letu. Uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake ni nyepesi: karibu baa 0.92 (baa ni kipimo cha mgandamizo), wakati Dar es Salaam au Tanga ni baa 1.01. Ni kweli pia kwamba maji yasiyo na chumvi ni mepesi kidogo, hivyo unahitaji kama mita 10.2 kuongeza baa moja. Ukijumlisha, kwenye mita 55 hapa kwetu uko kwenye takriban baa 6.3, na baharini kina hicho hicho kingekupa zaidi ya baa 6.5. Wengi huishia hapo na kusema ziwani ni nafuu. Lakini gawanya 6.3 kwa 0.92: unapata karibu mara 6.8. Baharini, 6.54 kwa 1.01, hufiki hata mara 6.5. Mwili wako hapa Kigoma unatoka kwenye mgandamizo mkubwa na kuibukia kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo mapovu yanapata nafasi zaidi. Jedwali la muda wa kuzamia lililotungwa kwa bahari ukilitumia bila kulirekebisha litakudanganya: mita 55 za hapa zihesabu kama karibu mita 59, na mita 30 ulizozizoea zihesabu kama karibu mita 32. Mashirika ya mafunzo huanza kuhesabu mwinuko tangu mita 300, nasi tumeshapita mara mbili ya hapo. Angalia kompyuta yako ya kuzamia, ile unayovaa mkononi, uone kama inatambua mwinuko na maji yasiyo na chumvi yenyewe au inasubiri wewe uiambie. Na mgeni wako aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi akitokea pwani, usimwingize majini mchana huo kwa hesabu za mtu aliyelala Kigoma. Mwili wake bado una nitrojeni ya usawa wa bahari, nao unahitaji muda wa kuzoea.

Tuje kwenye kiasi cha gesi, kwa sababu nadhani hapa ndipo wazo la mitungi ya ziada lilipozaliwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye baa 6.3 zinakuwa lita 126 kwa dakika. Mtungi wako wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400, ambazo ni dakika 19 mpaka sindano ilale, na hapo hujapanda hata mita moja. Sasa mwenzako apatwe na tatizo la regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni. Mnavuta wawili, mna hofu, kila mmoja lita 30 au zaidi: kila dakika mnayokaa chini mkitafuta ufumbuzi inakula karibu lita 380. Umeona vizuri kwamba mtungi mmoja hautoshi. Ila kuongeza mitungi kunatatua nusu tu ya tatizo.

Nusu ya pili ni hewa yenyewe. Kwenye mita 55 hewa ya kawaida inalevya. Nitrojeni ya kina hicho inapunguza akili kwa namna ambayo mhusika haioni, na wewe unapanga kushika kamera, kufuatilia mitungi mitatu na kuhesabu vituo vya kupandia (vile vina unavyosimama kwa muda ili nitrojeni itoke), vyote kwa akili hiyo. Hata ulevi si ndio unaonitisha zaidi. Hewa iliyoshindiliwa inakuwa nzito kupita kwenye koo na mapafu. Watafiti Gavin Anthony na Simon Mitchell walichunguza uzito wa gesi wanayovuta wazamiaji, wakapendekeza isizidi gramu 5.2 kwa lita, na kwamba gramu 6.2 iwe mwisho kabisa. Kwa hewa, katika ziwa letu, kiwango cha kwanza kinafika kwenye mita 32 hivi, na cha pili karibu na mita 40. Kwenye mita 55 unavuta gesi ya karibu gramu 8 kwa lita. Mapafu yanashindwa kuitoa kaboni dioksidi ipasavyo, hasa ukiwa unapiga mapezi dhidi ya mkondo. Ikijikusanya, inaleta kiherehere cha pumzi, hofu, kisha kuzimia, na kila unavyozidi kuhema ndivyo unavyozidi kuizalisha. Mzamiaji anaweza kufa hivyo akiwa na mitungi iliyojaa. Ndiyo maana wanaoshuka kina hicho kwa utaratibu huchanganya heliamu, ambayo ni nyepesi na hailevyi. Inasikitisha kwamba tangu 2016 tunasikia habari za heliamu iliyo ardhini kule Rukwa, mkoa unaopakana na ziwa hili hili, lakini kwa mzamiaji wa Kigoma bado ni gesi ya kuagiza mbali na kwa bei kubwa.

Basi mtungi wa ubavuni una kazi gani? Zipo tatu, nazo zisichanganywe. Kuna mtungi wa dharura, wenye gesi ile ile ya mgongoni, ambao hauguswi isipokuwa mambo yameharibika. Kuna mtungi wa safari, wa kuvuta wakati wa kushuka au kutembea ili ule wa mgongoni ubaki. Na kuna mtungi wa kupandia, wenye oksijeni nyingi, unaovutwa kwenye vituo vya mwisho tu ili nitrojeni itoke upesi. Huo wa tatu ndio unaotibu na ndio unaoua. Ukivuta oksijeni tupu, hewa ya mapafuni haina nitrojeni, kwa hiyo iliyo kwenye damu inapata njia nyeupe ya kutoka. Lakini oksijeni ikizidi baa 1.6 inageuka sumu ya mfumo wa fahamu. Ndiyo maana oksijeni tupu haivutwi kwenye kina kinachozidi mita 6, na mchanganyiko wa asilimia 50 hauvutwi kwenye kina kinachozidi mita 21. Hewa yetu nyepesi ya Kigoma ingekuruhusu kushuka kidogo zaidi ya hapo kwa hesabu, kama mita 6.9 kwa oksijeni tupu, lakini nakushauri uache ziada hiyo iwe akiba. Mtu akiivuta oksijeni tupu kwenye mita 20 anaweza kupata degedege bila dalili ya kumtahadharisha. Regyuleta inamtoka mdomoni, anakunywa maji.

Unajua ajali ya mtoto anayekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Mitungi miwili ya alumini inayofanana, mmoja hewa na mwingine oksijeni, ubavu mmoja, gizani, ni ajali hiyo hiyo. Ufungaji wote ninaokueleza hapa chini una shabaha ya kuizuia. Ndiyo maana naanza na maandishi kabla ya kamba: kwenye kila mtungi andika kwa tarakimu kubwa, urefu wa kiganja hivi, kina cha mwisho cha kuvuta gesi iliyomo. Namba tu: 6, au 21. Iandike pande zote mbili, ili uione wewe ukiinama na aione mwenzako akiwa pembeni. Karibu na shingo bandika kipande cha utepe chenye asilimia ya oksijeni uliyoipima mwenyewe kwa kipimo, tarehe, na herufi za jina lako. Mtungi usiopimwa na kuandikwa siku hiyo hauingii majini, hata kama unakumbuka ulichojaza.

Sasa kamba. Chukua kamba ya nailoni ya milimita 6 hivi, ngumu kiasi, ya aina inayouzwa madukani kwa wavuvi. Ifunge shingoni mwa mtungi, chini ya valvu, na hapo ukaze kulabu ya kwanza. Kamba iteremke ubavuni mwa mtungi ikipita ndani ya kipande cha mpira wa maji cha urefu wa kiganja na nusu, ambacho ndicho kitakuwa mpini wa kubebea. Kisha ipite chini ya klipu ya chuma ya kukazia, ile ambayo mafundi magari wanafungia mipira ya radieta, lakini pana na isiyoshika kutu. Hapo kwenye klipu ukaze kulabu ya pili. Umbali kati ya kulabu mbili usiukadirie kwa macho. Vaa mikanda yako, pima kutoka pete ya kifuani hadi pete ya nyonga, uufuate umbali huo. Kamba ya kulabu ya juu iwe fupi. Ikiwa ndefu, kichwa cha mtungi kinaning'inia mbali na kwapa, kinakuvuta upande na kugonga mawe.

Waya hapana, kabisa. Kulabu ikikwama, au mtungi ukinaswa kwenye wavu, kitu pekee kitakachokutoa ni kisu, na kisu hakikati waya. Kwa sababu hiyo hiyo usiunganishe chuma na chuma moja kwa moja, yaani kulabu kuingizwa kwenye pete ya klipu bila kamba katikati. Kulabu zenyewe ziwe za aina inayofunguka kwa kuvuta kipini kwa kidole gumba. Zile za mlango wa kusukumwa, zinazojifunga zenyewe kila zikiguswa na kitu, ziache nyumbani. Hapa kwetu maji ya pwani yana kamba na vipande vya nyavu za dagaa vilivyonasa kwenye miamba, na kulabu ya namna hiyo inajishika kwenye wavu bila wewe kujua.

Kata pete mbili za mpira kutoka tyubu ya lori, upana wa vidole viwili, uzivishe mtungi: moja karibu na shingo, nyingine katikati. Humo ndimo utakapokunja mpira wa regyuleta ili usipepee. Mpira huo uwe na urefu wa mita moja hivi, ufike mdomoni ukipita nyuma ya shingo bila kukaza. Geji iwe kwenye mpira mfupi sana, imekunjwa ikuangalie, isome bila kuishika. Regyuleta ijazwe gesi kabla ya kuingia majini kisha valvu ifungwe. Ukifunga bila kuijaza, maji yanaingia ndani yake. Ukiacha wazi, ikianza kuvuja unapoteza mtungi mzima bila kujua, na tena unajiachia nafasi ya kuivuta kwa bahati mbaya.

Mikanda unayovaa ni muhimu kuliko kamba. Jaketi la kawaida la kuelea lenye pete za plastiki halikuundwa kubeba mtungi wa kilo 14 na zaidi ubavuni. Unahitaji mkanda mmoja mrefu usioungwa, wenye pete za chuma kifuani na nyongani. Hili watu huliruka kwa sababu ya gharama, kisha pete inakatika pale pale wanaporuka kutoka kwenye boti.

Umefanya vizuri kupata alumini. Hewa ina uzito: lita 2,200 zilizo ndani ya mtungi wa lita 11 ni karibu kilo 2.6, na zote zinatoka jinsi unavyovuta. Mtungi wa alumini uliojaa unazama kidogo, ukikaribia kuisha kitako chake kinanyanyuka na kuelea. Hilo linavumilika, na wengine huhamishia kulabu ya chini kwenye pete ya mbele ili ulale sawasawa. Wa chuma hubaki mzito mwanzo hadi mwisho na kukulemaza upande mmoja. Kipimo cha uzito wako kifanye mitungi yote ikiwa karibu tupu, kwenye mita 3, ukiwa na mavazi yale yale. Ukishindwa kutulia hapo bila kushika kamba, vituo vyako vya kupandia ni vya kubahatisha.

Kushoto au kulia? Zipo shule mbili na zote zina watu makini. Moja inaweka yote kushoto, ili upande wa kulia, unakotokea mpira mrefu wa kumpa mwenzako, ubaki wazi. Nyingine inaweka gesi yenye oksijeni nyingi kulia na yenye oksijeni kidogo kushoto, ili hata mkono peke yake ukumbuke. Mimi nipo upande wa kushoto, kwa sababu kumbukumbu ya mkono inapotea mtu anapoogopa, na pia namtaka mzamiaji asome namba kila mara badala ya kutegemea upande. Kwa anayeanza, mtungi mmoja, kushoto. Ukiuzoea huo hadi unaweza kuuvua, kuushika mkononi, kumpa mwenzako na kuuvaa tena bila kubadili kina hata mita moja, ndipo tuzungumze kuhusu wa pili. Hao uliowaona pichani na mitungi minne walifika huko kwa kupanda ngazi moja moja.

Wazo la rafiki yako la kufunga yote mgongoni kwa mkanda nalikataa bila kusita. Hufikii valvu, huoni namba, huwezi kumpa mwenzako, na huwezi kuuacha ukinaswa. Mitungi pacha ya mgongoni ipo, lakini hiyo huunganishwa kwa mabomba na valvu maalumu, ina gesi moja tu, na mzamiaji hufundishwa kuzifunga valvu hizo kwa mikono yake mwenyewe nyuma ya kichwa.

Kuhamia kwenye gesi ya kupandia ni tendo la watu wawili. Simama kwenye kina chake kwanza, tulia. Soma kina kwenye kompyuta. Soma namba ya mtungi. Fuata mpira kwa mkono kutoka kwenye valvu ya mtungi huo hadi kwenye regyuleta unayoishika, maana mipira inapishana. Fungua valvu, mwoneshe mwenzako namba, naye asome kina chake na namba hiyo akuitikie kwa ishara. Ndipo uvute, huku ukiangalia geji ya mtungi huo: ikiwa haisogei hata kidogo ukivuta, unavuta kitu kingine. Wanaokufa kwa kosa hili wengi waliujua utaratibu huu. Waliuruka mara hiyo moja kwa sababu ya haraka au baridi.

Narudi kwa fundi wa kuchomelea. Oksijeni yake kiwandani inaweza kuwa safi, na ndiyo sababu watu hubishana nami. Hatari ni njia inayopita. Mtungi wa karakana huna historia yake. Vifaa vya kuunganishia vimeshikwa kwa mikono yenye grisi. Na mitungi yako miwili ya alumini imejazwa miaka yote na kompresa inayotumia mafuta, kwa hiyo ndani yake kuna utando wa mafuta usiouona. Oksijeni tupu ikisukumwa kwa kasi ndani ya valvu inajipasha joto kwa kushindiliwa, na penye mafuta hapo panawaka. Si cheche, ni mlipuko wa mtungi uliouegemea. Ndiyo maana kifaa chochote kitakachoguswa na gesi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40 husafishwa kwa namna maalumu, hubadilishiwa pete za ndani na grisi yake, na baada ya hapo hakijazwi tena hewa ya kompresa isiyochujwa kwa kiwango hicho. Usimpelekee fundi mitungi hiyo. Ni maisha yake pia.

Ukiniuliza ufanye nini na hiyo video, nakuona una njia nne. Ya kwanza ni kubaki ndani ya mita 30 za cheti chako, na mtungi mmoja wa ubavuni wenye hewa kama dharura. Samaki wengi wa miamba walioifanya Tanganyika ijulikane duniani wanaishi humo, na mwanga unakusaidia. Ya pili ni kuteremsha kamera peke yake kwa kamba na taa. Wewe una boti na unaijua miamba, hivyo huenda ukapata picha nzuri kuliko ukiwa umelewa nitrojeni. Ya tatu ni kozi ya kuzamia kwa vituo, inayotolewa na mashirika kama TDI, IANTD au PADI, ambayo kwa kawaida inakufikisha mita 40 hadi 45 ukiwa na mtungi mmoja wa kupandia. Itakubidi usafiri, na ni ghali. Ya nne, mita 55 kwa mchanganyiko wa heliamu, inakuja baada ya hiyo, si badala yake. Kushuka mita 55 kwa hewa ukiwa na cheti cha mita 30 sikuweki kwenye orodha.

Na uangalie unakokwenda baada ya kutoka majini. Treni ya kwenda Tabora inakupandisha hadi karibu mita 1,200, na barabara ya Kasulu nayo inapanda hadi huko. Kwa mwili ambao bado unatoa nitrojeni, hiyo ni sawa na kuendelea kuibuka. Baada ya uzamiaji wa vituo, kaa mjini angalau siku nzima kabla ya kupanda mlima, treni au ndege. DAN, shirika la kuwasaidia wazamiaji, linataka muda uzidi saa 18 kwa kiasi kikubwa kabla ya kuruka.

Maumivu ya viungo yasiyoelezeka, ganzi, miguu kulegea, kizunguzungu, mkojo kugoma, vipele au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24: usimwambie mtu apumzike, wala usimrudishe majini "akapunguze". Mlaze chali, mpe oksijeni tupu kwa barakoa inayobana, mpe maji kama ana fahamu, mpelekeni hospitali ya mkoa ya Maweni, na hapo hapo mpigie daktari wa DAN azungumze na daktari wa zamu. Chemba ya mgandamizo, ambamo ugonjwa huu hutibiwa, haiko mjini kwetu. Mtu atahitaji kusafirishwa kwa ndege iliyowekwa mgandamizo wa ardhini, na hilo hupangwa kwa simu nyingi. Namba hizo, bima, na mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza uliojaa viwepo kwenye boti kabla hujavaa mapezi. Kama kimoja hakipo, siku hiyo mwisho wako ni mita 20.

Kuhusu mitungi uliyokwisha nunua: ipelekwe ikakaguliwe ndani na kupimwa kwa maji kabla ya kujazwa tena. Sehemu nyingi kipimo hicho hufanywa kila miaka mitano, na tarehe ya mwisho utaiona imegongwa begani mwa mtungi. Uliopasuka nyuzi za shingoni au ulioliwa na kutu nyeupe utobolewe, usiuzwe kwa mwingine. Ikipita ukaguzi huo, ufunge mmoja kama nilivyoeleza, ujaze hewa, uuandike hivyo, uende nao Jakobsen kwenye mita 6 na mwenzako mfanye zoezi la kuuvua, kuukabidhi na kuuvaa. Wa pili uuache kabatini, na baa chache za hewa ndani ili unyevu usiingie, mpaka mwalimu atakayekuwa nawe majini akuambie uutoe.